Malalamiko: mwili wa mamangu haukukataa jino, ni fizi zake hamukuzitibu

Kwa Meneja,
Kliniki ya meno, tawi la Malindi
Nakala iende makao makuu, Nairobi

Assalaam alaykum.

Naandika kuhusu mamangu, mgonjwa wenu, muliyempandikizia jino la skrubu, ile implanti inayopigwa kwenye mfupa jino la bandia likafungwa juu yake, kwenye taya la chini upande wa kulia, na sa hizi skrubu hiyo imelegea, yacheza akiigusa kwa ulimi, na ufizi wake watoa usaha. Nimeshazungumza na dada wa risepsheni, nimeshatuma picha kwa wosap, nimeshapiga simu nikaambiwa nitapigiwa na sikupigiwa, kwa hivyo sasa naandika barua ili iwe kwenye faili na kila mtu hapo kwenu aisome.

Jibu la maana nililopata kwenu ni moja tu, ile meseji ya kwamba "mwili wa mgonjwa umekataa implanti, hutokea, poleni sana" alafu chini yake mukaongeza kwamba mwaweza kumwekea nyengine kwa punguzo la bei. Nimeisoma na nimeirudia, na ndo iliyonifanya nikae niandike, manake maneno hayo si kweli na nyinyi ni watu wa meno mwajua si kweli.

Mwili haukukataa kitu. Skrubu hizi ni za titaniamu na hutumika hiyo kwa sababu mfupa waikubali, mfupa huota ukaishikilia, na kazi hiyo huchukua kama miezi mitatu mpaka sita hivi kutegemea taya la juu au la chini na hali ya mgonjwa mwenyewe. Ya mamangu ilishika. Daktari wenu mwenyewe aliijaribu akasema imeshika vizuri, ndo mukafunga jino juu yake, na akalitumia mwaka mzima na zaidi akila nyama, akila mihogo, akila kila kitu. Ingekuwa haikukubaliwa ingelegea mapema kabla hata ya kufungwa hilo jino. Skrubu iliyoshika ikaja kulegea baadaye ina mambo yake, na kubwa ni hili la maradhi ya fizi kushuka mpaka kwenye mfupa unaoishikilia yakaula taratibu, na mbaya zaidi ni kwamba skrubu haina zile nyuzinyuzi zinazolishika jino la kuzaliwa nalo, kwa hivyo maradhi yakishafika hapo hayana kizuizi kikubwa, mfupa huliwa haraka kuliko kwenye jino la kawaida na mgonjwa huenda asisikie maumivu yoyote.

Na maradhi hayo hakuyapata baada ya kuja kwenu, alikuja nayo. Hapa ndo nataka musome vizuri. Lile gego mulilolibadilisha lilitoka kwa nini? Hakuna aliyemuuliza. Halikuwa limeoza, halikuwa na tundu hata moja, lilianza kucheza likazidi kucheza mpaka likang'oka. Meno yake ya mbele yaonekana marefu kwa sababu fizi zimepanda zikayaacha mizizi wazi, akipiga mswaki yuwatema damu, na ana sukari, na hilo la sukari alilisema na liko kwenye fomu yenu nimeliona kwa macho yangu limewekewa alama ya ndiyo. Sasa mtu mzima ana sukari, jino limetoka bila kuoza, fizi zatoa damu, ni alama gani nyengine mulikuwa mwangojea? Kijana wenu alimkalisha akamwita bibi kwa adabu kweli sina neno hapo, akampiga picha ya eksirei, akampa bei, shilingi 150,000 kwa jino moja, tukatoa dipoziti kwa M-Pesa siku ile ile na wiki iliyofuata akawekewa skrubu.

Baada ya nyinyi kunyamaza tulimpeleka kwa daktari mwengine Mombasa na mimi nilikaa humo humo ndani nikaona. Kabla ya kusema lolote alichukua kijichuma chembamba chenye alama za milimita, akakiingiza pole pole baina ya jino na ufizi, akazunguka nacho kila jino mahali sita, na kila akigusa ataja nambari na msaidizi wake yuwaandika, tatu, tatu, tano, sita, damu, nne, damu. Nikamuuliza akanieleza kwamba 1 mpaka 3 ni sawa, ikianza 4 kwenda juu basi hapo ufizi umeachana na jino pamefanyika mfuko, na humo ndani ndo ukoga hujificha ukawa mgumu, mswaki haufiki. Alipofika kwenye skrubu yenu alitaja nane. Akaubonyeza ufizi kwa ncha ya kidole tu, kidogo, na usaha ukatoka. Mamangu hata hakushtuka. Daktari akamuuliza, mama, kule Malindi walikupima hivi? Akasema hapana mwanangu, walinipiga picha tu.

Hicho kijichuma hakina gharama kubwa, hakihitaji umeme, na kumpima mtu mdomo mzima si kazi ya siku nzima. Kliniki ina mashine ya eksirei ya kuzunguka kichwa na kiti cha ngozi na televisheni ukutani na hamukumpima mgonjwa wa sukari fizi zake kabla hamujamtoboa mfupa, hili nashindwa kulielewa na sitaki kuambiwa tena hutokea.

Utaratibu wenyewe wajulikana. Fizi hutibiwa kwanza. Mtu hupigwa ganzi, ukoga mgumu hutolewa mpaka chini ya ufizi kwenye mizizi, hufundishwa namna ya kusafisha, alafu huachwa wiki kadhaa, 6 mpaka 12 hivi, apimwe upya ionekane mifuko imepungua na damu imekoma, na kama bado basi hurudiwa au hufanyiwa upasuaji mdogo wa ufizi. Mwenye sukari hupimwa na kile kipimo cha damu cha HbA1c, kinachoonesha wastani wa sukari yake ya miezi kama mitatu iliyopita, manake sukari ikiwa juu fizi haziponi vizuri na fizi zikiwa na maradhi nayo sukari huwa ngumu kushuka. Kwenye uainishaji wa maradhi ya fizi wa mwaka 2018 ambao madaktari dunia nzima wautumia, sukari ikiwa 7 kwa mia au zaidi kwenye kipimo hicho mgonjwa huhesabiwa kwenye daraja la maradhi yanayokwenda kasi. Ya mamangu ilikuwa tisa na kitu na karatasi yake ya hospitali alikuwa nayo kwenye mkoba siku aliyokuja kwenu, hakuna aliyemwomba. Baada ya yote hayo kuwa sawa ndo watu huzungumzia skrubu. Hata fundi wa mashua akikuta ubao umeoza hapigi msumari mpya hapo, auondoa uliooza kwanza.

Meneja wenu wa mauzo alituambia hii ni teknolojia mpya kwa hivyo mambo mengine bado yajifunzwa. Si mpya. Daktari Brånemark, aliyezianzisha skrubu hizi, alimwekea mgonjwa wake wa kwanza skrubu za titaniamu kule Uswidi mwaka 1965, ni zaidi ya miaka 60 sasa, na kwamba mtu aliyepoteza meno kwa maradhi ya fizi yuko kwenye hatari zaidi ya skrubu kuingia maradhi hayo hayo ni jambo wanalofundishwa wanafunzi wa meno. Simaanishi kwamba mtu kama mamangu hafai kabisa kuwekewa, daktari wa Mombasa mwenyewe alisema angeweza kuwekewa kama fizi zingetibiwa kwanza, sukari ikadhibitiwa na akafuatiliwa baadaye. Hayo ndo hamukuyafanya, mulirukia hatua ya mwisho kwa sababu ndo yenye pesa.

Kisha naambiwa kwa simu na mtu ambaye hakujitambulisha kwamba huenda mgonjwa hasafishi. Mamangu huchukua udhu mara tano kwa siku na husukutua kila mara na mswaki hapitwi nao, jamani. Ila nani alimfundisha kwamba jino la skrubu lasafishwa vyengine? Nani alimwonesha zile brashi ndogo za kupitisha pembeni mwa jino? Alizipata Mombasa, ndo mara ya kwanza kuziona. Hapo kwenu alipewa karatasi iliyoandikwa Kizungu yote na mamangu husoma Kiswahili na Kiarabu, na aliambiwa akiwa na tatizo apige simu. Sasa atajuaje ana tatizo na maradhi yenyewe hayaumi mpaka mfupa uishe? Mgonjwa wa fizi mwenye skrubu huitwa kila baada ya miezi mitatu au sita, akapimwa tena na kijichuma kile kile, akasafishwa, nambari zikalinganishwa na zile za kwanza. Nyinyi za kwanza hamuna. Hamuna cha kulinganisha nacho.

Nimesoma na ile kadi yenu ya dhamana ya maisha. Yadhamini skrubu isivunjike. Skrubu haijavunjika, iko nzima kabisa, kilichokwisha ni mfupa wa mamangu na huo haumo kwenye kadi. Na kumwekea nyengine kwa punguzo pahala ambapo fizi bado zina usaha na mfupa umeliwa ni kumtia kwenye hasara ya pili, mimi hilo sitaliruhusu.

Naomba pia mufikirie wagonjwa wenu wengine. Daktari wenu wa kupandikiza hukaa Nairobi, hutua Malindi kwa ndege mwisho wa mwezi, huweka meno ya watu siku mbili kisha huondoka. Nilipokuwa nangoja pale nimekaa na mzee aliyetoka Lamu, alivuka mpaka Mokowe akapanda basi akapita Witu na Garsen mpaka hapa kwa sababu aliliona tangazo lenu la ofa ya mwezi, na mama mwengine wa Mambrui aliyeuza shamba kidogo apate meno. Watu hawa wamjie nani skrubu ikianza kutoa damu? Hapo tawini yuko nani wa kuangalia fizi daktari akiwa Nairobi? Nilimuuliza dada wa risepsheni na alisema ukweli, Mungu ambariki, kwamba hakuna. Naomba asije akaadhibiwa kwa kunijibu.

Mamangu sa hizi huzungumza akijifunika mdomo kwa ncha ya leso kwa sababu ya harufu. Kwenye harusi ya mpwa wangu alikaa jikoni na wapishi usiku kucha, hakutokea ukumbini, na yeye ndo huimba vugo la familia yetu. Nawaambieni hili mujue ni mtu wa aina gani muliyemwandikia "hutokea".

Ninachotaka ni hiki. Mutupe faili lake lote, picha ya kwanza ya eksirei, picha za baadaye, fomu ya ridhaa aliyotia sahihi na maelezo ya daktari, hizo ni habari zake na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa haki ya kuzipata. Murudishe pesa zote za jino hilo, siyo kwa vocha wala kwa ofa. Mulipe gharama ya kuitoa skrubu na kutibu fizi zake kwa daktari tutakayemchagua sisi, manake kwenye kiti chenu harudi. Na mumwandikie barua, yeye si mimi, kwa Kiswahili, museme hamukumpima fizi kabla ya kumpandikiza. Sheria ya Afya ya 2017 yasema mgonjwa aelezwe hali yake ya afya, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, na yampa pia haki ya kulalamika na malalamiko yake yachunguzwe. Yeye hakuelezwa kwamba ana maradhi ya fizi. Hilo neno hakulisikia kwenu hata mara moja.

Na kabla hamujamtoboa mtu mwengine hapo Malindi mupime fizi zake na muandike nambari, na asiyekuwa na fizi nzima musimuuzie skrubu mpaka atibiwe. Hili halinilipi mimi chochote lakini naliweka pamoja na mengine na nataka jibu lake pia.

Nawapa siku 14 tangu mupokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi napeleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) pamoja na nambari zote zilizopimwa Mombasa, picha mpya ya eksirei na zile meseji zenu za wosap ambazo sijazifuta.

Simu yangu iko kwenye faili, ni ile iliyolipa dipoziti. Mukitaka kuzungumza nipigieni mimi, musimpigie yeye kumuuliza maswali ya haraka haraka, na barua yake ya kwake muniletee nyumbani Barani nitampa mkononi.

Wassalaam,
Binti wa mgonjwa wenu
Malindi