Tumefundishwa kutubu, tufundishwe pia kuipokea toba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na Wakristo wenzangu, na hasa wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa, juu ya jambo tunalolipita haraka mno. Mahubiri ya toba hatuyakosi. Mkosaji huambiwa ajute, aungame, aache, arudishe. Lakini yule anayefuatwa na kuambiwa "nisamehe" haelezwi afanye nini dakika ile, wala wiki zinazofuata. Kwa sababu hiyo toba nyingi za kweli hufia mlangoni kwa aliyekosewa, na nyingine hufia mlangoni mwa kanisa lenyewe.

Katika Luka 17:3-4 Yesu anaagiza kwamba ndugu akikosa aonywe, na akitubu asamehewe. Akikosa mara saba kwa siku moja na kurudi mara saba akisema ametubu, asamehewe mara zote saba. Hebu itazame siku hiyo. Kati ya kosa la tatu na la nne pengine zimepita saa mbili. Hapo hakuna nafasi ya kuona kama mtu amebadilika. Aliyekosewa hana cha kushika ila neno la mkosaji. Si ajabu mitume walijibu papo hapo, "Tuongezee imani." Kwa upande mwingine, Yohana Mbatizaji katika Luka 3:8 anadai matunda yanayoendana na toba, na matunda hayaivi kwa saa mbili. Maneno haya hayapingani. Msamaha hutolewa kwa neno la anayetubu. Kuaminiwa hurudi kwa matunda yake. Anayevichanganya viwili hivi huzuia msamaha mpaka aone ushahidi, na ushahidi haumtoshi kamwe. Au humkabidhi mtu ufunguo wa sanduku la sadaka siku ile ile aliyotubu wizi, kisha likiibwa tena anasema msamaha hauna faida.

Sasa dakika yenyewe. Tuchukue mtu aliyemsingizia mwenzake mbele ya baraza la kanisa kwamba amekula michango ya ujenzi, naye leo amekuja kutubu. Mpokeaji hukosea kwanza kwa kumkatiza: "Aa, yameisha, usijali." Unaonekana upole, kumbe kosa limeachwa bila kutajwa, na miezi ikipita kila mmoja atakuwa na kumbukumbu yake ya kile kilichomalizwa. Mwache afike mwisho. Kisha mrudishie kwa maneno machache ulichosikia: "Unasema ulijua fedha zipo, na bado ukaliambia baraza kwamba nimezila." Muulize kama kuna kilichobaki. Halafu mjibu kwa sentensi nzima: "Nimekusamehe." Kusema "Mungu ndiye anayejua" si kujibu, na "mimi sina neno na mtu" vilevile si jibu, kwa maana aliyekuja kutubu huondoka hajui kama amefunguliwa au la. Wala usingoje machozi. Wapo wanaolia kwa urahisi na wapo ambao aibu huwakausha macho; Biblia haikuyaweka machozi kuwa kipimo.

Kama moyo bado unawaka na neno halitoki, sema hivyo bila kuficha, ila weka siku: "Nimekusikia. Nipe mpaka Alhamisi." Alhamisi ikifika, mtafute wewe. "Tutaona" isiyo na tarehe ni kumwadhibu mtu kwa kumning'iniza.

Baada ya neno hilo kuna kutengeneza kilichoharibika. Uongo uliosemwa barazani urekebishwe barazani, kwa masikio yale yale. Toba ya faraghani hailisafishi jina lililochafuliwa hadharani. Na kosa lililojulikana kwa watu wawili libaki kwa hao wawili. Mathayo 18:15-17 imepanga ngazi: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Akikusikia kwenye ngazi ya kwanza, huna ruhusa ya kupanda nyingine. Lakini wengi humaliza ngazi ya kwanza, halafu huingia ya tatu kwa mlango wa maombi: "Tumwombee ndugu fulani, mnajua alikotoka." Huko ni kumsengenya, hata kama macho yamefumbwa.

Penye mali, Torati ina kiasi kinachofaa kukumbukwa. Mwizi aliyekamatwa alilipa mara mbili, na kama mnyama amekwisha kuchinjwa au kuuzwa, kondoo wanne kwa mmoja na ng'ombe watano kwa mmoja (Kutoka 22). Lakini anayeungama kosa lake, kwa mujibu wa Hesabu 5:7, hurudisha kamili na kuongeza sehemu ya tano: aliyechukua magunia 10 hurudisha 12. Kuungama kulifanywa kuwe kwepesi kuliko kukamatwa. Sisi mara nyingi tunageuza: anayekuja mwenyewe ndiye tunayemkamua zaidi, maana ametupa ushahidi wote kwa mdomo wake. Zakayo, mtoza ushuru, alijitoza mara nne kwa hiari yake. Yesu hakumtajia kiwango. Aliyekosewa akitaka kulifuta deni, alifute kwa maneno yanayoeleweka. Akitaka lilipwe, yaandikwe makubaliano, kiasi gani na kwa tarehe zipi. Kinachozaa ugomvi wa pili ni msamaha uliotamkwa huku deni likiachwa hewani, mmoja akidhani limefutwa na mwingine akihesabu miezi.

Katika mfano wa mtumwa asiyesamehe (Mathayo 18:23-35), mtumwa aliyefutiwa deni na mfalme alikataa kumsamehe mwenzake aliyemdai dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo deni hilo ni kazi ya miezi zaidi ya mitatu. Yesu hakusema kwamba ulichokosewa ni kidogo. Alikiweka kando ya talanta 10,000 alizofutiwa mtumwa yule wa kwanza, ambazo kwa hesabu ya takriban dinari 6,000 kwa talanta ni siku za kazi milioni 60, deni ambalo hakuna kibarua angelimaliza. Tusimwambie aliyeumizwa "ni jambo dogo hilo". Aambiwe kwamba ni kubwa, na kwamba yeye naye amefutiwa kubwa kupita hilo.

Zipo toba za uongo. Mara nyingi hujionyesha: "kama nimekukwaza, samahani", lawama zikimwangukia shetani au mke au hasira, haraka ya kurudishiwa cheo, na ombi kwamba usimwambie mtu yeyote. Hata hivyo usikimbilie kumwita mwongo. Muulize swali moja kwa utulivu: "Nikusamehe kosa lipi?" Mwenye toba atalitaja, hata kwa kigugumizi. Asiye nayo atakasirika au atazungukazunguka. Huyo wa pili unaweza kumwachilia moyoni mbele za Mungu, kama Marko 11:25 inavyodai kwa kila anayesimama kusali, lakini upatanisho bado, kwa kuwa upatanisho ni wa watu wawili.

Kuhusu kuaminiwa, mfano wa Yohana Marko unatosha. Aliwaacha Paulo na wenzake Pamfilia, na kwa ajili hiyo Paulo akakataa kumchukua safari iliyofuata. Barnaba akamchukua, akaenda naye Kipro. Miaka baadaye, katika 2 Timotheo 4:11, Paulo anaagiza Marko aletwe kwa sababu anamfaa kwa utumishi. Katikati pale alihitajika mtu wa kumpa kazi. Anayetubu apewe kazi ndogo inayoonekana, siyo ile ile aliyoangukia. Mhasibu aliyekula fedha anaweza kufundisha kwaya, na huenda asishike fedha tena maisha yake yote. Kumnyima daftari hakumaanishi hajasamehewa.

Hapa nasema kwa ukali kidogo. Mke aliyepigwa akimsamehe mume hajajifunga kurudi nyumba ile kabla hajawa salama. Na aliyemdhuru mtoto apelekwe mbele ya sheria hata kama ametubu kwa magoti. Kiongozi anayesema "tuyamalize kikanisa" kwenye kosa la namna hiyo anamlinda mkosaji na kumwacha mtoto mwingine hatarini. Wala aliyeumizwa asiitwe mbele ya wazee wanane na kutakiwa atamke msamaha papo hapo. Neno lililotolewa kwa kubanwa halifungui mtu yeyote, na chuki yake hurudi ikiwa imeongezeka hasira dhidi ya kanisa.

Nimalizie na kanisa lenyewe, maana ndilo linalotenga na kurudisha. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mtu aliyeadhibiwa na wengi kwamba adhabu ile yatosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, "asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi" (2 Wakorintho 2:7). Akawasihi pia wauthibitishe upendo wao kwake, yaani uonekane. Swali hili lilirudi kwa kishindo baada ya Kaisari Desio wa Roma kuwatesa Wakristo mwaka 250, ambapo wengi wao walikana imani kisha wakataka kurudi. Novatiano, kasisi wa Roma, aliwafungia mlango. Sipriano, askofu wa Karthago, na maaskofu wenzake walikutana mwaka 251 wakakubali wapokelewe baada ya toba, kwa kuangalia uzito wa kila kosa. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliwataka makasisi wa upande wa Novatiano waliorudi wakubali kwa maandishi kushiriki pamoja na watu walioanguka wakawekewa muda wa toba. Mtaguso huo huo ukaamuru kwamba anayekaribia kufa asinyimwe Ushirika.

Shikeni jambo moja kutoka hapo: muda uliwekwa. Wengi wetu tunatenga bila tarehe. Mtu anaambiwa "kaa nyuma kwanza", hakuna anayeandika mpaka lini, mchungaji anahamishwa, anayemfuata hana habari, na mwaka wa tatu yule mtu yuko benchi la mwisho au hayupo kabisa. Daftari la kanisa liandike kosa kwa ufupi, tarehe ya kutengwa, tarehe ya kuangaliwa tena, na mzee mmoja atakayemtembelea walau kila wiki mbili. Siku ya kurudishwa itangazwe kwa watu wale wale waliotangaziwa kutengwa, kosa lisisomwe upya, na wazee wawe wa kwanza kumpa mkono.

Naye aliyesamehewa anaweza kuja tena na hofu ile ile. Ndugu zake Yusufu, waliomuuza utumwani naye akawasamehe, walikuwa wamekaa Misri miaka 17 wakilishwa naye, na baba yao Yakobo alipokufa bado waliogopa kwamba sasa atalipiza. Yusufu alilia, akawaambia wasiogope, akaahidi kuendelea kuwalisha wao na watoto wao.

Ombi langu kwa makanisa yetu ni dogo. Katika mafundisho ya kipaimara, ya ubatizo wa watu wazima na ya ndoa, kitengwe kipindi kimoja cha kufanya mazoezi ya jambo hili kwa sauti, wawili wawili, mmoja akitubu kosa lenye jina na mwingine akijibu kwa sentensi nzima, kisha wabadilishane. Wachumba waanze nalo kabla ya kuagiza pete.

Wako katika Kristo,
Msomaji