Shosti, usisahau kadi ya hoteli

Ilala, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Saumu wangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani, na baada ya salamu… basi, hayo tuliandikiana shuleni, leo sina subira. Mama Ilham kaniambia jana dukani, mbele ya wateja, kwamba unaondoka kwenda Guangzhou, China, tarehe 12 mwezi wa kumi. Yaani mimi nasikia kwa watu! Nimenuna tangu jana mchana. Kununa nitamalizia ukirudi, maana nikikuacha uende kichwa kichwa usingizi hautanijia.

Kwanza kadi. Ukifika hotelini, hata kuoga bado, chukua pale mapokezi kadi yao yenye jina na mtaa kwa Kichina. Na kwa kuwa usiku wa kwanza utakuwa hujaipata, mwambie anayekukatia chumba akutumie anwani kwa maandishi yao, uichape kwenye karatasi, kubwa kubwa. Unakumbuka safari yangu ya kwanza? Nilikusimulia nusu, nusu niliona aibu. Jina la hoteli nililiandika kwa herufi zetu hizi. Dereva akaigeuza ile karatasi juu chini kama daktari na eksirei, akaniuliza kitu, mimi nikaitikia kwa kichwa tu, akanipeleka hoteli nyingine ya jina linalokaribiana na hilo, mwisho wa mji. Saa saba usiku, mabegi mawili, simu haina laini. Nilikaa juu ya begi nikalia kama mtoto aliyepotea Sabasaba. Kijana mmoja wa Mali ndiye aliyenihurumia… hayo mengine ana kwa ana.

Kwa hiyo kadi mbili, shosti. Moja kwenye pochi, moja kwenye sidiria.

Ukiwa na mzigo mdogo, toka uwanja wa ndege wa Baiyun kwa treni ya chini ya ardhi, usihangaike na teksi. Laini ya 3 mpaka Jiahewanggang, unahamia ya 2 mpaka stesheni kuu ya reli, hapo unapanda ya 5 kituo kimoja tu, upo Xiaobei kwa Waafrika wenzako. Majina ya vituo yameandikwa na kwa herufi zetu pia, na nauli inaanzia yuan 2. Kila unapoingia begi linapita kwenye mashine, usikasirike, si wewe peke yako. Laini ya 3 asubuhi ni Mwendokasi ya Kimara kabisa, ila hakuna anayeingilia dirishani. Kinachochosha ni milango ya kutokea. Kila kituo kina kadhaa, A, B, C, D, na ukikosea unatokezea ng'ambo ya barabara yenye vyuma katikati, unaiona hoteli yako kwa macho na huwezi kuifikia. Muulize mwenyeji wako herufi ya mlango, jina la kituo peke yake halitoshi.

Halafu magari yao yanapita kulia. Wewe umezoea kutazama kulia kwanza pale Mtaa wa Kongo. Kule anza kushoto. Tena zipo pikipiki za umeme, hazina mlio, zinapanda mpaka njia ya waenda kwa miguu. Moja ilinipitia kisigino kimya kama paka. Ya Kariakoo angalau inakutukana kwanza.

Simu: ukiweka laini ya kule, WhatsApp na Google havifunguki. Pakua WeChat, ndiyo WhatsApp yao, ukiwa bado nyumbani, maana mara nyingi inataka mtu mwenye akaunti akuthibitishe; nipigie wiki hii nikufanyie. Weka na Alipay uunganishe kadi yako ya benki, hata muuza viazi vitamu wa barabarani analipwa kwa simu. Ukitaka kutupigia, kumbuka wao wametutangulia saa tano. Safari ile nyingine nilimpigia mama saa kumi na moja jioni ya huku nikiwa nasinzia kule saa nne usiku, akadhani nimelewa.

Hili la kulala kwa shemeji yako Kassim ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Hoteli inakuandikisha polisi yenyewe. Nyumba ya mtu haikuandikishi. Ni wewe na Kassim mwende kituoni ndani ya saa 24. Asikwambie "ah, kesho". Na pasipoti usiiache ndani, Xiaobei polisi wanaomba kuiona. (Hata ukilala kwa Kassim, anwani yake kwa Kichina uwe nayo. Nimesema.)

Na hizo tarehe nani alikupangia? Maonyesho ya biashara ya Canton, hapo hapo Guangzhou, yanaanza 15 Oktoba, lakini vitambaa na nguo ni awamu ya tatu, tarehe 31 mpaka 4 Novemba. Ukienda mwanzoni utakuta mashine na vifaa vya umeme, na vyumba vimeshapanda bei. Kama tiketi haibadiliki, acha maonyesho, nenda soko la vitambaa la Zhongda, laini ya 8. Pale ndipo penye majora. Wakikutajia bei kwa vidole usishangae: kidole gumba na cha mwisho vikisimama ni sita, gumba na cha shahada kama bastola ni nane. Mimi nilidhani mzee wa watu ananitania, kumbe ananipunguzia.

Chakula usihofu. Tafuta migahawa ya tambi za Lanzhou yenye kibao cha kijani chenye Kiarabu, ni halali, na tambi wanazivuta kwa mikono mbele yako. Ijumaa kuna msikiti karibu na bustani ya Yuexiu, wenyewe wanasema hapo amezikwa Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Sisemi mengi kuhusu hilo, ustadhi wenu atanibishia.

Sasa nijibu. Tiketi inabadilika au haibadiliki? Unakwenda na nani, au peke yako? Kassim anakaa mtaa gani hasa, na ameahidi kuja uwanjani au ni maneno tu? Mzigo unachangia kontena na nani? Na kwa nini nilisikia kwa Mama Ilham, Saumu? Nilikukosea nini?

Ukifika Zhongda nitazamie bei ya pazia zito, la kuzuia mwanga, rangi ya udongo. Piga picha jora zima, usinipigie kipande.

Wako aliyenuna,
Rehema

Kadi!