Risala ya Kikundi cha Kilatini kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Lugha

Mheshimiwa mgeni rasmi, Baba Gombera, walimu, wazazi na wanaseminari wenzetu: Tumsifu Yesu Kristo!

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuwa nasi leo.

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Kikundi chetu kilianzishwa na wanafunzi waliotaka Kilatini kisiishie kwenye sala na minyambuliko ya vitenzi. Jumamosi jioni tunasoma mashairi mafupi ya Warumi, yale yaliyofuata nyimbo ambazo Wagiriki waliziimba kwa kinubi. Tulianza na Horatius, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Mwaka 23 KK alitoa vitabu vitatu vya mashairi, na mwishoni akajisifu kuwa wa kwanza kuleta Italia wimbo wa Waaeoli, Wagiriki wa kisiwa cha Lesbos na jirani zao. Sisi tunaona Catullus, mshairi mwingine wa Kirumi, alikwisha kumtangulia.

Shairi la 51 la Catullus ndilo lililotuteka. Asili yake ni shairi la Kigiriki la Sappho, mwanamke wa Lesbos aliyeishi yapata mwaka 600 KK. Kila ubeti una mistari mitatu ya silabi 11 na wa nne wa silabi 5. Kwa anayejua mizani, kuhesabu si kazi. Kazi ni kwamba silabi ndefu na fupi zina mahali pake, na msomaji lazima azifanye zisikike.

Mshairi anamwona ampendaye akicheka mbele ya mwanamume mwingine: ulimi unakufa ganzi, moto mwembamba unashuka viungoni, masikio yanavuma, usiku unafunika macho. Sappho anaendelea: jasho linamtiririka, anatetemeka, anakuwa kijani kuliko majani. Catullus aliyaacha hayo. Kwa nini? Tumebishana sana, lakini Kigiriki chenyewe hatukijui, tunategemea tafsiri. Na hata Kilatini kina pengo: mstari mfupi wa ubeti wa pili umepotea, pale pale anaposema hakuna kilichombakia. Wahariri hujaza kwa kukisia: sauti kinywani.

Karibu mashairi yote ya Catullus yalitufikia kwa mswada mmoja uliojitokeza Verona, Italia, mwanzoni mwa karne ya 14. Ya Sappho yaliponea katika nukuu za waandishi wengine na katika vipande vya mafunjo ya Misri, yaani karatasi za kale za matete, vingi vikifukuliwa kwenye majalala ya mji wa kale wa Oxyrhynchus tangu mwaka 1897. Mwaka 2004 yakachapishwa mafunjo yaliyoko Köln, Ujerumani, yenye shairi lake: Sappho amezeeka, magoti yaliyocheza kwa wepesi wa wana wa paa hayambebi tena. Mtu aliyekufa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na mashairi yake bado yanaongezeka!

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Tunaomba utusaidie kupata mwalimu wa Kigiriki, hata wa wakati wa likizo tu, kamusi, na vitabu vyenye matini ya Kigiriki na maelezo. Tutaanza na shairi la Sappho ambalo Catullus alilifuata, tuliweke kando ya lile lake, kisha tulitafsiri kwa Kiswahili moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza.

Tunaomba kuwasilisha.