Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msimu wa Theluji

Ndugu wanachama,

Nianze na lililo kubwa: wote waliopanda mlimani na chama chetu msimu huu wamerudi nyumbani salama, Alhamdulillahi. Hapa Colorado hilo si dogo. Msimu wa 2020–2021 maporomoko ya theluji yaliua watu 12 katika jimbo hili pekee, na 37 Marekani nzima.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nataka kuzungumzia Januari.

Tulikuwa saba karibu na Loveland Pass, njia ya juu ya mlima hapa Colorado, viatu vya theluji miguuni, jua limewaka. Ghafla theluji ikadidimia chini yetu kwa mngurumo mmoja mzito, kama gunia la mahindi lililobwagwa chumba cha pili. Hiyo ni dalili kwamba theluji inaweza kuporomoka. Dada yetu mmoja, safari yake ya pili tu, akasema, "Turudi." Wengine wakanung'unika, maana tuliamka alfajiri. Tulirudi. Namshukuru mbele yenu nyote.

Tulipofika tambarare tulichimba shimo kukagua tabaka za theluji. Juu palikuwa na bamba gumu lililoshindiliwa na upepo. Chini kabisa, theluji ya mwanzo wa msimu ilikuwa imegeuka punjepunje kama sukari. Nikaikamata, haikushikana, ikachuruzika vidoleni. Ndiyo tabia ya milima yetu: theluji ya kwanza huwa haba, baridi ya usiku huilegeza, kisha theluji nzito huilalia. Udhaifu huo huweza kudumu miezi. Aprili 2013, eneo hilohilo la Loveland Pass, watu 6 walikumbwa na bamba lililokatikia kwenye tabaka la namna hiyo. Alipona 1.

Februari tulifanya mazoezi kwenye kilima cha bustani, tukafukia begi lenye kifaa cha mawimbi, kile kinachotoa ishara ili aliyefukiwa apatikane. Mara ya kwanza tulilitoa kwa dakika 23. Ndugu zangu, aliyefukiwa anahitaji kutolewa ndani ya dakika kama 10. Zaidi ya hapo matumaini hupungua haraka sana. Kulitafuta hakukutuchelewesha. Tulichelewa kuchimba, kwa sababu tulisimama juu yake tukachimba wima. Anzeni upande wa chini wa mteremko, mwingie kwa ubavu. Mara ya nne tulitumia dakika 9.

Kamati inapendekeza haya. Asiye na kifaa cha mawimbi, fimbo ya kuchomea theluji na beleshi asitoke nasi. Tumenunua seti nne za kuazima. Kiongozi wa safari asome taarifa ya Colorado Avalanche Information Center, kituo cha jimbo kinachotabiri maporomoko ya theluji, asubuhi ileile. Hatari ikifika ngazi ya 3 kati ya 5, tusikanyage mteremko wa nyuzi 30 au zaidi, wala tusipite chini yake. Wapo wanaosema 3 ni katikati tu. Siku za ngazi hiyo ndizo wengi hufia, kwa kuwa mlima unaonekana mtulivu, na mara nyingi bamba hukatwa na miguu ya walewale linaowafukia.

Tutapiga kura Jumamosi, baada ya taarifa ya mweka hazina. Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti