Huduma ni bure, nauli je?

Mhariri,

Vifo vya wajawazito nchini vimepungua sana. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Wakunga wetu wanastahili pongezi. Ila wastani huo wa taifa haumwonyeshi mama wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhushia samaki, visiwani Ukerewe, na huyo ndiye aliyenifanya niandike.

Sera inasema mjamzito hatozwi katika vituo vya serikali. Wifi yangu ni mwanika dagaa. Kliniki alianza mimba ikiwa na miezi sita, maana ukienda kliniki umepoteza siku, na dagaa zikinyeshewa zimeharibika. Alipofika, kipimo cha wingi wa damu hakikuwapo. Akaelekezwa maabara ya mtu binafsi, akalipa. Kisha akatajiwa vya kununua: glovu, wembe, pamba, uzi wa kitovu, mpira wa kulalia. Usiku wa uchungu presha ikapanda, zahanati ikampa rufaa. Kivuko kilishaondoka. Kaka yangu akatafuta mtumbwi wa injini, na mwenye mtumbwi akataka hela ya mafuta kwanza. Ikabidi wavuvi na mama ntilie waamshwe wachange. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto wazima.

Mwenye presha kama hiyo akiwa Nyamagana, jijini Mwanza, na ana pesa, hupanda bajaji akafika hospitali ya Sekou Toure au Bugando muda si mrefu. Kifafa cha mimba na kuvuja damu baada ya kujifungua huweza kuua ndani ya saa chache, kwa hiyo umbali na umaskini ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Wenzetu wa Sengerema angalau wamepata daraja la Kigongo–Busisi mwaka 2025. Sisi bado tunategemea maji na hali ya hewa.

Naziomba halmashauri za visiwani zijenge nyumba za kusubiria kujifungua karibu na hospitali, na ziweke chakula, kwa sababu mama asiye na hela ya kula hataondoka kwake mapema hata akishauriwa vipi. Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, ibandikwe kila mwalo, pamoja na jina la mwenye boti anayepaswa kuitwa usiku na atakayelipwa mafuta yake na halmashauri. Na orodha ya vitu ambavyo mjamzito hapaswi kununua ibandikwe mlangoni mwa kila zahanati, kwa maandishi makubwa.

Mama wa Nansio,
Ukerewe