Kufunga muhula wa pili: sare ya shule na mavazi ya asili

Kwa wazazi na walezi wote,
Wilaya ya Monduli.

YAH: KUFUNGA SHULE, PAMOJA NA SUALA LA SARE NA MAVAZI YA ASILI

Ndugu wazazi na walezi,

Natumaini barua hii inawakuta salama, ninyi na watoto na mifugo. Tumefika mwisho wa mwaka. Kidato cha pili na cha nne wameshafanya mitihani yao ya taifa na sasa tunasubiri Baraza la Mitihani. Kidato cha kwanza na cha tatu wanakuja nyumbani na kadi zao za maendeleo. Naomba kadi hizo zisomwe na kusainiwa na mzazi mwenyewe, si na kaka wa mwanafunzi aliyejifunza kuiga sahihi ya baba.

Habari za masomo zimo ndani ya kadi na sitazirudia. Hapa nataka tuzungumze nguo, kwa sababu tangu Julai malalamiko ya mavazi yaliyoingia ofisini mwangu yamezidi hata yale ya chakula, na mnajua chakula cha shule kinavyolalamikiwa. Bodi ya Shule imekaa mwezi uliopita pamoja na viongozi wa mila, na haya ndiyo tuliyokubaliana, pamoja na machache ambayo ni maoni yangu.

Sare inabaki. Ni agizo la Wizara, lakini hata Wizara isingeagiza mimi ningeiomba. Mtoto wa mwenye ng'ombe mia nne na mtoto wa mama anayeuza ndizi Mto wa Mbu wakisimama paredi asubuhi, mgeni hawezi kuwatofautisha mpaka wafungue daftari. Sitaki kuipoteza hali hiyo, na wazazi wenye uwezo wanaoniomba niruhusu "nguo nzuri kidogo" siku za Ijumaa wameshajibiwa.

Ila sare ni shati, sketi au suruali, sweta, soksi na viatu. Inaishia hapo. Mwezi wa nane binti wa kidato cha kwanza alizuiwa getini kwa ajili ya bangili ya shanga. Bibi yake aliifuma juu ya waya, moja kwa moja mkononi, binti akiwa bado mdogo. Sasa kiganja kimekua na bangili haipiti. Aliambiwa asiingie darasani mpaka aivue. Saa nne nilimkuta chini ya mgunga, anaivuta kwa sabuni aliyoazima jikoni, kifundo cha mkono kimevimba. Vipindi vilikuwa vimempita, kimojawapo cha Hisabati, somo ambalo shule hii haina alama za kutupa. Sikuona bangili ile ingeidhuru vipi Hisabati.

Kwa hiyo kuanzia Januari, ushanga usiovulika utabaki mkononi, na mkono wa shati utateremshwa kuufunika. Mikufu mipana ya shingoni na vipuli vinavyoning'inia vivuliwe nyumbani. Kwa wanafunzi wa bweni, matroni atavitunza. Sababu ni kwamba vinanasa. Atakayenasa sikio kwenye wavu wa goli hataponywa na mjadala wa utamaduni. Wavulana wenye ndewe zilizotanuliwa watazikunja juu ya sikio wakati wa michezo, kama baba zao walivyofanya. Na aliyewaambia kwamba shule inadai ndewe zishonwe hospitali kabla mtoto hajapokelewa kidato cha kwanza, amewadanganya, na kama alichukua fedha naomba mnipe jina lake. Wasichana Waislamu wanaendelea na hijabu ya rangi ya sare. Wamekuwa nayo miaka yote na paredi haijawahi kuharibika.

Shuka linaruhusiwa bwenini, kwenye prepo, na asubuhi za baridi ya Juni na Julai mpaka kengele ya paredi. Maabara haliingii kabisa. Mashuka mengi ya siku hizi ni ya nyuzi za akriliki; yakishika moto yanayeyukia kwenye ngozi.

Najua wako wazee ambao wakisikia habari za sare wanakunja uso, na kikaoni walitukumbusha kwa nini. Mwaka 1967 na 1968 ilikuwapo operesheni ya serikali ya kuwataka Wamaasai waache lubega, yaani shuka la kujifunga begani, na kuvaa suruali, hata waliokaidi wakazuiwa kupanda mabasi. Leo shuka lilelile jekundu limejaa kwenye mabango ya utalii ya nchi hii. Mzee aliyeteremshwa basi ujanani ana haki ya kutuangalia kwa jicho la pembeni.

Lakini wazee haohao wasiniambie kwamba shuka lilishuka kutoka mbinguni pamoja na ng'ombe. Babu zao walivaa ngozi. Pamba ililetwa na misafara ya biashara. Shanga za kioo zilitoka Ulaya, nyingine Venice, na hadi leo akina mama wanafuma kwa shanga za kutoka Jamhuri ya Czech na China. Walichukua kitu cha mgeni, wakachagua rangi, wakakipa maana, kikawa chao kiasi kwamba mgeni mwenyewe anarudi kukinunua. Watu walioweza hilo, ombi langu linalofuata haliwezi kuwashinda.

Likizo hii vijana wengi watatahiriwa. Mila inajulikana: kijana akishapata nafuu anavaa nguo nyeusi, anapaka uso chokaa nyeupe, anavaa manyoya kichwani, anazunguka na wenzake mpaka siku ya kunyolewa. Sina neno na mila hiyo. Neno langu ni kwamba shule inafunguliwa Januari na vijana wa nguo nyeusi wanarudi Machi, wengine hawarudi. Na si wote walioko porini na wenzao. Wengine wako kando ya lami, barabara ya kwenda Ngorongoro, wanapigwa picha na watalii kwa fedha, saa tatu asubuhi, siku ya Jumatatu. Mwaka huu nimewapita mwenyewe. Mmoja alinipa shikamoo yangu kwa adabu kabisa, kisha akaligeukia gari la watalii lililokuwa nyuma yangu na kunyoosha fimbo ili picha ipendeze.

Tumekubaliana na laigwanan, yaani viongozi wa mila, wa kata zinazotuzunguka kwamba sherehe zifanyike mwanzoni mwa likizo ili vidonda vipate muda wa kupona. Shule ikifunguliwa, kijana ambaye hajanyolewa aje darasani na nguo yake nyeusi. Sare ndani, nguo nyeusi juu, uso umeoshwa. Manyoya na upinde vibaki nyumbani. Siku atakayonyolewa, nguo nyeusi itaondoka yenyewe na hakuna mwalimu atakayemuuliza tarehe. Ambaye kidonda hakijafunga, tuletewe karatasi yake ya zahanati, nasi tutampelekea kazi za darasani kupitia jirani yake.

Si kila mtu amefurahi. Mzee mmoja alisema kijana wa nguo nyeusi hawezi kukaa dawati moja na msichana; tumemjibu kwa kutenga safu ya nyuma upande wa madirisha. Walimu nao wapo wanaosema leo nguo nyeusi, kesho kila mtu atakuja na lake. Inawezekana. Hiyo kesho ikifika tutakaa kikao kingine. Kwa sasa nina madawati matupu kila Februari, na nguo nyeusi yenye mtoto ndani yake naipenda kuliko sare iliyotundikwa ukutani nyumbani.

Kwa mabinti hakuna mapatano ya namna hiyo. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Na tangu mwaka 2016 anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mnajua kuliko mimi kwamba mapambo yanasomeka. Binti wa kidato cha pili akirudi Januari na surutia masikioni, mapambo ya mwanamke aliyeolewa, hatutamuuliza habari za sare. Tutawaita ninyi, pamoja na mtendaji wa kata na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Binti mwenye wasiwasi asisubiri Januari: matroni anabaki shuleni likizo nzima, na mlango wa bweni uko wazi kwake usiku na mchana.

Surutia zilitutembelea pia kwenye Siku ya Utamaduni, safari hiyo kwa heri. Msichana wa kidato cha tatu ambaye si wa jamii ya Kimaasai alizinunua kwenye duka la vinyago akaja nazo anameremeta. Mayeyo, akina mama wa Kimaasai, waliokaa mstari wa mbele walivunjika mbavu. Walipomaliza kucheka, mmoja alimwita pembeni akamweleza kwamba amevaa mapambo ya mwanamke aliyeolewa, kisha akamwuliza mume yuko wapi ili wamsalimie. Mafunzo aliyoyapata pale yanazidi hotuba yangu ya siku ile, ambayo nakiri ilikuwa ndefu.

Kwa hiyo mwakani atakayevaa vazi la asili siku hiyo atakuja na maelezo aliyoyachukua kwa mzee wa nyumbani kwake: nani huvaa, wakati gani, nani haruhusiwi, na limetengenezwa kwa kitu gani. Mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili atayasahihisha na yatahesabiwa kama kazi ya darasani. Hakuna kukodi mavazi mjini Arusha na hakuna mchango wa mavazi. Mwaka huu baadhi yenu mlitozwa na wanafunzi wenyewe kwa jina la shule, na hilo limeshughulikiwa. Kanga moja ya bibi inatosha kabisa. Kitu kilichonigusa zaidi siku ile hakikukodiwa: mama mmoja wa Kiiraqw alileta sketi ya ngozi iliyotiwa shanga, mali ya mama yake, imefungwa ndani ya gazeti. Aliitandaza juu ya meza ya maktaba na kuwaruhusu wanafunzi waguse pindo tu, mmoja mmoja, mikono ikiwa imeoshwa. Vijana wa kidato cha nne, ambao hawanyamazi hata kwenye mtihani wa majaribio, walinyamaza.

Naongeza maangalizo machache ya siku hiyo. Wachaga wanakaribishwa na vibuyu vyao vya mbege, vikiwa vitupu. Wasukuma wenye ngoma ya nyoka waje na ngoma, nyoka abaki alipo. Sime na rungu haziingii getini siku yoyote ya mwaka, iwe ya utamaduni au ya masomo, na mlinzi hatazitunza. Arudi nazo aliyekuja nazo.

Mengine ni ya kawaida. Sare inaweza kushonwa na fundi yeyote mnayemwamini, shule haina fundi wake. Kitambaa cha mfano kiko kwa mhasibu. Sketi ivuke magoti, suruali isibane. Viatu ni vyeusi vya kamba, lakini mwanafunzi wa kutwa anayetembea mbali na ambaye bado hajapata viatu atapokelewa na katambuga zake, na asirudishwe na mtu yeyote kwa sababu hiyo. Sare zilizowabana watoto wenu msizigeuze matambara. Zifueni mzilete, wapo wadogo wanaoanza Januari bila kitu.

Tarehe ya kufungua shule ni ile ya kalenda ya Wizara, imeandikwa chini ya kadi. Kikao cha wazazi kitakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua, saa nne asubuhi, kwenye bwalo. Ajenda ya kwanza ni chakula, ya pili ni haya niliyoyaandika, na anayepinga aje apinge hapo badala ya kumpigia simu mwalimu wa nidhamu usiku.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika kazi ya elimu,

Mkuu wa Shule

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule
Watendaji wa Kata
Viongozi wa mila
Ubao wa matangazo