Barua kwa mwanangu: mahali vinundu vya mafuta vinapouma

Mwanangu Mariamu,

Salamu kutoka Jinja, sote hatujambo. Umeuliza kuhusu vinundu vya mafuta vinavyouma, na kama huenda ni ule ugonjwa adimu wa Dercum. Jina limetokana na Francis Dercum, daktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani, aliyeueleza mwishoni mwa karne ya 19. Huwapata zaidi wanawake wa makamo wenye mwili mnene. Sababu yake haijulikani, lakini mahali vinundu vilipokaa panamwelekeza daktari sana, basi tuanzie hapo.

Hupenda mikono juu ya kiwiko, tumbo na mbavuni, mgongo wa chini, matako na mapaja. Wengine huvipata karibu na viungo: nyonga, kiwiko, na zaidi upande wa ndani wa goti. Hapo kwenye goti ndipo watu wengi hupotezwa. Mama anaambiwa ana baridi yabisi, anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, miezi na miezi mpaka tumbo linamchoma, na nafuu haioni. Jipime hivi: keti, legeza mguu, kisha bana taratibu ngozi pamoja na mafuta ya ndani ya goti kwa kidole gumba na cha shahada. Ukiruka kwa maumivu hapo, na kukunja goti peke yake hakuumi sana, mwambie daktari aangalie mafuta kabla ya kulaumu kiungo.

Uso, viganja na nyayo kwa kawaida husalimika.

Kupapasa kwenyewe fanya ukioga, ngozi ikiwa na sabuni. Tumia matumbo ya vidole vitatu, si ncha, uzungushe polepole. Kinundu cha mafuta huwa laini na huteleza chini ya kidole. Kinaweza kuwa kama njegere au kama ndimu. Chora mwili mbele na nyuma kwenye daftari, weka nukta kila unapokipata, andika tarehe, sentimita kwa futi ya fundi cherehani, na maumivu kuanzia 0 hadi 10. Andika pia kinachoyachokoza. Ukanda wa gomesi, lile vazi letu refu la Uganda, kwa mfano, hukaza nyonga palepale vinapopenda kukaa, na fundo la shuka la kumbebea mtoto hubana pia. Daktari atauliza kama maumivu yamepita miezi mitatu, daftari litamjibu.

Sasa yale yasiyofanana. Kinundu cha shingoni, kwapani au kinenani, fikiria tezi kwanza, na kwetu Uganda tezi inaweza kuwa kifua kikuu. Cha kwenye titi hakisubiri daftari, nenda. Huko kwenu West Nile kuna jambo jingine: kinundu kigumu kisichouma, kimekaa juu ya mfupa wa nyonga au mbavu, kwa mtu aliyeishi karibu na mito ya maji ya kasi na ngozi inamwasha, kinaweza kuwa cha usubi, ule ugonjwa wa inzi wadogo unaopofusha. Na uvimbe wa mafuta wa kawaida mara nyingi hauumi kabisa.

Kinundu kikizidi sentimita 5, kikikua haraka, kikiwa kigumu au hakisogei, kinahitaji ultrasaundi hospitali ya rufaa, na huenda kipande kikapelekwa maabara kabla ya upasuaji.

Tiba ya kuumaliza ugonjwa wa Dercum haipo. Parasitamoli za miligramu 500 zisizidi nane kwa siku, na uzihesabu pamoja na zilizomo kwenye dawa za mafua. Hospitali nyingine hutumia lidokeini, dawa ya ganzi, kutuliza. Kinundu kimoja kinachosumbua kinaweza kukatwa, ingawa vingine huota baadaye. Usikubali mtu akuchanje kwa wembe, hasa upande wa ndani wa kiwiko: mshipa wa fahamu unaokwenda kidole kidogo unapita hapohapo, na ukikatwa kiganja kinapoteza nguvu. Kupunguza uzito kutayasaidia magoti, lakini usishangae vinundu vikibaki.

Siku ya kliniki vaa blauzi ya mikono mipana na sketi inayopanda juu ya goti bila taabu, ili upimwe kote. Daftari usilisahau.

Wasalimie wajukuu wangu.

Mama yako